Siku Niliyoivalisha Tableti ya Ofisi Ngozi ya Mbuzi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana pale sokoni Lodwar kila nikipita kuna mtu ananiita Ata, kwetu ndiyo bibi, anauliza, "Ata, kazi ya kompyuta inaendeleaje?" halafu anageuza uso acheke pembeni, na mimi najua ni nani amemwambia, ni Akai wa kuuza makuti, na Akai aliambiwa na shemeji yake Ewoi, na Ewoi alikuwa ndani ya ule ukumbi Kakuma siku yenyewe, safu ya pili, amevaa shati ya kijani. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini jina la mtu halinitoki. Kwa hivyo aliyeniaibisha ninamjua, na aliyeniaibisha zaidi ya wote ni mimi.

Mjukuu wangu anaitwa Nakiru. Nimemlea tangu mama yake alipoolewa upya Lokitaung. Miaka mitatu huyo mtoto amekuwa akifanya kazi ya kujitolea, anatembea manyatta kwa manyatta akiandika watoto wadogo, nani amepimwa uzito, nani bado, kwa daftari na kalamu na miguu yake, halafu mwaka huu ofisi fulani ya mambo ya watoto ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, ikampa tableti (ile kama simu iliyonenepa), ikamwambia akimaliza vizuri ataletwa Kakuma mbele ya wakubwa, waangalie kazi yake na kifaa chake, na wakiridhika apewe kandarasi. Kandarasi, mnaelewa. Nyumba yetu haijawahi kuwa na mtu wa kandarasi. Kuna wa mbuzi, wa makaa, wa kusuka mikeka, na mmoja wa kulewa, Mungu amsamehe.

Basi ilibaki siku nne mkutano ufike. Nimetoka kuchota maji, jua limenipiga, nikaingia nyumbani nikajitupa juu ya ngozi yangu ya kulalia kama ninavyojitupa siku zote. Kitu kikasema tik chini yangu. Nikafikiri ni mfupa wangu. Nikanyanyuka, nikainua ngozi, na hiyo tableti ilikuwa pale, Nakiru ameificha isipate vumbi, kwenye kona kioo kina ufa mwembamba kama unywele.

Nakiru alikuja, nikamwambia nimejitupa juu yake, akaiwasha, ikawaka. Majina ya watoto yote yalikuwa ndani. Akasema, "Ni ufa tu, Ata. Si kitu." Lakini aliizima haraka akaangalia mlango, maana kulikuwa na kijana mwenzake, Ekai, ambaye alifukuzwa kwa sababu ya tableti, na wote walikuwa wanaogopa jina la Ekai kama watoto wanavyoogopa fisi.

"Utawaambia?" nikamuuliza.

"Nikiwaambia wataandika mimi ni mzembe. Kuna fundi Kakuma, karibu na kambi, Jumatatu nitaipitisha kwake asubuhi kabla ya mkutano. Aniambie kama inatengenezeka ama ni ya kubadilishwa. Sasa Ata, naenda matanga Kalemng'orok, nitarudi Jumapili. Naiacha hapa kwa sababu ya vumbi. Usiiguse."

"Nitaigusia nini?" nikasema.

Hapo ndipo mambo yote yalianzia, kwa sababu mimi ni mtu wa kurekebisha vyombo. Tangu niwe msichana. Chombo cha mbao cha kukamulia, elepit, kikipasuka Lodwar hii yote wananiletea mimi, na sijawahi kumwambia mtu tupa. Aliyenifundisha ni shangazi yangu Nachok, na Nachok alikuwa anasema mwanamke anayetupa chombo kilichopasuka ni mvivu wa sindano. Unachukua ngozi mbichi ya mbuzi, unailoweka, unaivuta juu ya chombo, unaishona ingali na maji, unaiweka juani. Ikikauka inavuta. Inabana zile mbao mpaka ufa unajifunga wenyewe na maziwa hayatoki hata tone. Sasa niambieni, nikiangalia ule ufa kwenye kona, mimi mtu wa miaka hamsini ya kazi hiyo, niliona nini? Niliona elepit. Elepit ya wazungu, lakini elepit.

Na tena (hili sikumwambia mtu mwingine wakati ule) niliyeivunja ni mimi. Nilitaka Nakiru arudi akute kitu kimepona.

Nikapata ngozi kwa Lomuria mchinjaji, ngozi safi ya mbuzi mwekundu, laini. Niliiloweka usiku mmoja. Asubuhi nikapima, nikakata dirisha mbele ili kioo kionekane, nikaacha tundu la kitufe cha kuwashia na tundu la chaja na tundu la ile jicho ya kupiga picha, maana mimi si mjinga kabisa. Nikapangusa maji yaliyozidi kwa kanga. Nikashona kwa mshipa, mishono midogo midogo kama ya mwanamke anayejua anachofanya, nikavuta, nikafunga, nikapaka mafuta kidogo ya mbuzi kwenye pembe. Nikaiweka juani, lakini si jua kali, jua la asubuhi. Nikakaa karibu nayo kufukuza mbwa.

Jumapili jioni Nakiru akarudi. Akasimama mlangoni akiwa bado amebeba mfuko.

"Ata," akasema polepole. "Hiyo ni nini?"

"Iangalie kwanza ndiyo uulize."

Akaichukua. Akaigeuza. Ngozi ilikuwa imeanza kukaza, na ule ufa, ninaapa, ulikuwa hauonekani, mshono wa kona uliupita juu. Akabonyeza tundu la kitufe. Ikawaka. Majina yote yako. Mtoto wa Lokwawi, mtoto wa Arupe, mapacha wa Nakaru, wote wamejipanga. Nakiru akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akaninusisha mkono wake, akasema, "Inanuka mbuzi, Ata."

"Itaacha. Ikikauka kabisa haitanuka. Na ikianguka hata kwa mawe haitavunjika. Fundi wa nini tena?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri. Alikuwa na uchovu wa matanga na safari, na kwa fundi kuna foleni, na mtu anayejua vyombo amemwambia imepona. Akasema sawa, Ata, twende moja kwa moja. Ndiyo, twende, maana mimi nilisema lazima niende nione mtoto wangu akipewa kandarasi. Nilivaa shanga zote.

Jumatatu tukafika Kakuma mapema kuliko wakubwa. Tukaambiwa tungoje nje. Mahali penyewe mnapajua, hakuna mti, kuna ukuta, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimejaa vijana wengine na tableti zao. Nakiru akaweka yake juu ya mfuko wake kwenye jua kidogo, kwa sababu mimi nilimwambia, iache ipigwe ikauke vizuri isinuke mbele ya wageni. Tulingoja karibu saa tatu nzima. Jua la Kakuma si la asubuhi wala la jioni, ni jua tu. Mara moja nilisikia kitu kikilia krr, kama mlango wa bati. Sikujali. Ngozi inapovuta hulia, hiyo ni dalili nzuri kwa chombo cha mbao.

Wakaitwa ndani. Mimi nikasimama dirishani na wamama wawili wa kupika chai. Mbele alikaa mama mmoja mkubwa wao kutoka Nairobi, wanamwita Madam Jacinta, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini, mtu wa kuuliza mara moja. Kijana anaitwa, anaweka tableti mezani, inawashwa, inaangaliwa, anapigiwa makofi, anakaa. Ewoi akaitwa. Akapita. Akaitwa Nakiru.

Aliiweka mezani, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliiona kwa macho ya watu wengine. Ilikuwa imepinda. Katikati imeinuka, pembe zimeshuka, kama chapati iliyosahauliwa juani. Ikayumba kidogo pale mezani. Nzi wawili walikuwa wamekuja nayo.

Madam Jacinta akavaa miwani. "Nakiru, hii umeivalisha nini?"

"Ni kava, Madam. Ata yangu ameshona."

"Ni kazi nzuri," akasema, na aliisema kwa heshima, hilo nampa. "Washa tuone."

Nakiru akabonyeza. Akabonyeza tena. Tundu la kitufe lilikuwa limejifunga, ngozi imevuta mpaka tundu likawa kama kitovu. Akajaribu kwa kalamu. Msaidizi mmoja akaleta makasi, makasi yakateleza, kwa sababu ngozi mbichi iliyokauka ni mbao. Mwingine akasema kisu, na pale wote wakaanza kusema kila mtu lake, na nikasikia tableti inalia tena, krr, kubwa kuliko mwanzo.

Sasa mimi, badala ya kukaa dirishani na wamama wa chai kama mtu mwenye akili, nikaingia. Nilipita katikati ya ukumbi, shanga zinapiga kelele, watu wananipisha, nikafika mezani nikasema, "Hiyo haikatwi. Hiyo inalainishwa." Na hilo ni kweli. Muulizeni mtu yeyote wa vyombo, ngozi iliyobana sana haikatwi kwa kisu, utajeruhi chombo, unairudishia maji inalegea yenyewe. Mbele ya Madam Jacinta kulikuwa na chupa ya maji imefunguliwa. Nikaichukua. Nikamwagia ile tableti polepole, pande zote, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono kabla ya chakula.

Hakuna aliyenizuia. Nafikiri hawakuamini. Maji yakaingia pale kwenye tundu la chaja yakitoa vipovu, kioo kikawaka peke yake, rangi nyingi nyingi kama mafuta juu ya dimbwi, halafu kikasema kaa, ufa ukakimbia kutoka kona hii mpaka kona ile, halafu giza. Maji yakaendelea mpaka kwenye makaratasi ya Madam, akayainua moja moja.

Nyuma kijana mmoja akasema kwa ile sauti wanafikiri hatusikii, "Shosho amemaliza hiyo kitu." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Madam Jacinta hakucheka. Alimwangalia Nakiru, si mimi. "Kabla ya hii ngozi, ilikuwa nzima?"

Nakiru akasimama wima. "Ilikuwa na ufa, Madam. Niliikalia mimi kwa bahati mbaya."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Leo ni Jumatatu. Kwa nini hukusema?"

Nakiru akaitazama ile tableti. Na mimi nikanyamaza. Mimi ambaye siku zote naambiwa Ata nyamaza kidogo, ambaye naweza kukutajia ukoo wako mpaka babu wa babu bila kupumua, nilisimama pale na chupa tupu mkononi, nikasikia mtoto akibeba kosa langu mbele ya watu arobaini, na mdomo wangu ukawa umeshonwa. Aibu ya maji ilikuwa imenijaa mpaka hapa shingoni, nikaona sina nafasi ya aibu ingine.

"Ngoja nje," Madam akamwambia. "Nitakuita mwisho."

Tukatoka. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alifunga ile tableti kwa leso yake, akasema, "Kuna fundi. Twende angalau tuone kama majina ya watoto yatatoka." Akatangulia, mimi nyuma.

Fundi mwenyewe ni mtu wa Sudan Kusini, anaitwa Majok, mrefu sana, kibanda chake ni kidogo kwake mpaka anakaa magoti yamefika masikioni. Aliipokea kwa mikono miwili. Akainusa. Akanitazama mimi na shanga zangu, akanitazama tena.

"Haboba," akaniita, kwao ndiyo bibi, "hii ulishona wewe?"

"Ni mimi."

"Ulivuta vizuri. Kwetu tunafanya hivi na ngoma. Ngozi mbichi juu ya mbao, unaweka jua, inakuwa na sauti." Akaigonga kwa kidole. Kweli, ilitoa sauti. "Umetengeneza ngoma ya ofisi."

Nakiru akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi, halafu kicheko kikageuka, akajifuta macho. Majok akaacha utani. Ngozi ilikuwa imeshalegea kwa maji, akaikata mshono kwa mshono, bila kuharibu hata mmoja bure, akafungua mgongo wa tableti. Ndani ilikuwa imejaa maji na mafuta yangu ya mbuzi.

"Ya kutengeneza hapana," akasema. "Kioo kimekufa, betri imevimba, huku ndani maji. Hata nikifungua mpaka kesho nitakuwa nadanganya nyinyi. Hii ni ya kubadilisha. Lakini ngoja." Akachomoa kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, akakipangusa kwa shati lake, akakiweka kwa simu yake. Akangoja. Akageuza simu tuone. Mtoto wa Lokwawi, mtoto wa Arupe, mapacha wa Nakaru. Wote.

Nilikaa chini palepale.

Majok akawa anauliza huku anakausha ile kadi, maana mafundi huuliza, "Mwanzo ilianguka ama nini?"

"Niliikalia," Nakiru akasema.

Majok akamwangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe? Wewe hata ukikalia yai, kuku atashukuru. Hapa kuna mtu alikaa na nguvu yake yote." Hakunitazama. Aliangalia kazi yake. Lakini hakukuwa na mtu mwingine pale wa kusemwa.

Na mtoto bado alikuwa anasema, "Ni mimi, nilikuwa nimechoka, nikajitupa," akitumia maneno yangu yaleyale ya kujitupa, ananikinga mpaka mbele ya mtu ambaye hatutamwona tena. Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nikasema, "Majok, ni mimi. Na nipe hiyo kadi, tunarudi."

Tukarudi kwenye ukumbi. Walikuwa wanamaliza, soda zimetolewa, na niliposimama mlangoni mara ya pili kuna msichana alivuta tableti yake akaiweka mapajani, na wengine wakaficha chupa za maji. Sikuwalaumu. Nikaenda mpaka mbele, safari hii mikono wazi ili wote waione haina kitu, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma:

"Madam, mimi naitwa Esther Ngasike, nyanya ya huyu. Tableti niliikalia mimi. Ngozi nilishona mimi wakati yeye yuko matanga, na alikuwa ameniambia nisiiguse. Kumwambia asiende kwa fundi ni mimi. Na maji mliona wenyewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Ewoi alikuwa anaangalia chini.

Madam Jacinta akavua miwani. Akaniambia nikae, mimi sikukaa. Akainuka, akafungua kabati la chuma lililokuwa nyuma yake wakati wote ule, akaonyesha. Ndani kulikuwa na tableti mpya, zimepangwa na karatasi zake.

"Mama, hizi zinangoja watu wavunje," akasema. "Watu wanafanya kazi kwa mawe na vumbi na watoto, tunajua zitavunjika. Mtu anasema imevunjika, tunaandika, anapewa ingine siku hiyo hiyo."

"Na Ekai?" nikauliza.

"Ekai alisema imeibiwa. Tukaikuta ameizika nyuma ya nyumba yake kwa mchanga." Akamgeukia Nakiru. "Hakufukuzwa kwa kuvunja."

Nakiru akampa ile kadi kama ukucha. Wakaiweka kwa tableti mpya, majina yakatoka yote, hakuna mtoto aliyepotea, na Madam aliyasoma moja moja, akasema kazi ni safi kuliko nyingi alizoona siku hiyo. Halafu akasema kandarasi leo hapana. Alificha siku nne, na akasema uongo mbele ya watu, hata kama uongo wenyewe ulikuwa wa mapenzi. Miezi mitatu mingine ya majaribio, halafu waonane tena. Nakiru akasema asante, Madam, akaipokea ile tableti mpya kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa najua ile asante ilimtoka kutoka wapi, na nilijua kama ningesema dakika ileile ya kwanza, nikiwa bado na chupa mkononi, huenda angetoka pale na karatasi yake.

Njiani kurudi Lodwar tulifika karibu na mto. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Nilijua utasema, Ata. Ulichelewa tu." Ndiyo hayo tu aliyosema, na mpaka leo hajawahi kulirudia hilo jambo, ingawa Akai wa makuti analirudia kwa ajili yake.

Basi mimi nimejiwekea amri mbili. Kitu cha mtu kikivunjika mikononi mwangu, nitamwambia mwenye kitu kabla sijatafuta sindano. Na kitu ambacho sijui ndani yake kuna nini, sitakishonea ngozi, hata kama kimepasuka kama elepit, hata kama mikono inaniwasha. Juzi Akai huyohuyo alikuja na simu ya mumewe imepasuka, ati nimshonee kava, nilimfukuza mpaka kwa barabara.

Vyombo vya mbao bado naletewa.

Ile tableti mpya Nakiru analala nayo kichwani. Lakini jana alikuwa anaenda kuoga mtoni, akatoka nayo, akarudi nayo, akasimama akifikiri, halafu akaiweka juu ya kigoda karibu nami. "Ata, niangalizie," akasema, akaenda. Basi niliiangalia. Nilikaa mbali kidogo, chini kwenye mchanga mtupu, na sikuinuka hata kufukuza kuku mpaka aliporudi.